Uzi: Potifolio ya picha 22 za Namib, Natron na Mchanga Unaohama – wapiga picha wa Nyanda za Juu Kusini tuichambue

LenziYaIpogolo – bandiko #1

Kamwene wadau wa Iringa, na wa Mbeya, Njombe na Makambako pia habari zenu.

Naweka hapa potifolio ya picha 22 za jangwa na nchi kame, ichambuliwe kabla haijaenda kusafishwa. Itatundikwa Iringa mjini, kwenye ukumbi wenye ukuta mmoja mweupe wa mita 9. Itakuwepo pia nakala ndogo ya kutumwa kwa watu kwa simu. Tajeni namba ya picha, na mkiona haifai semeni tu "toa".

Mpangilio wa sasa:

Picha 1 hadi 4 ni Dune 45, tuta la jangwa la Namib nchini Namibia: tuta zima alfajiri (1), mgongo wa tuta kwa lenzi ya 200 mm (2), watu wanne wadogo juu ya mgongo (3), mgongo ule ule bila watu (4).
5 na 6 ni mawimbi madogo ya mchanga kwa karibu. Ya 6 ina mstari wa nyayo za mende.
7 hadi 11 ni Deadvlei, bonde la miti mikavu huko huko Namib: bonde zima (7), miti mitatu mbele ya tuta jekundu (8), mti mmoja mchana (9), shina kwa karibu, picha ya wima (10), miti kama vivuli vyeusi (11).
12 na 13 ni Mchanga Unaohama, jirani na Oldupai, Ngorongoro: tuta lote (12), pembe yake upepo ukipeperusha mchanga (13).
14 hadi 17 ni Ziwa Natron: ukoko wa magadi (14), ziwa na mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai (15), heroe kwa mbali (16), nyufa za tope (17).
18 hadi 20 ni nguzo za Isimila.
21 na 22 ni mibuyu ya Ruaha Mbuyuni.

Zote ni RAW (faili ghafi la kamera), megapikseli 24, ISO 100, tripodi, tundu la lenzi f/8 hadi f/11. Rangi ya mwanga niliiachia kamera ichague yenyewe. Maswali yangu ni matatu: zibaki ngapi, rangi ya mchanga iko sawa au imezidi, na zisafishwe kwa ukubwa gani.

---

DadaKihesa – #2

Kaka, anza na ukuta kabla ya picha. Ukuta wa sentimita 900 unabeba picha 12 zenye upana wa sentimita 50 pamoja na fremu. Hiyo ni 600. Nafasi za kati ni 11, kila moja sentimita 20, jumla 220. Zinabaki 80, yaani 40 kila mwisho wa ukuta. Ukitundika 22 zitabanana, na picha za jangwa haziwezi kubanana kwa sababu nusu ya kinachoonekana ndani yake ni nafasi tupu. Mtu asipopata ukuta mtupu kati ya picha na picha, hata utupu ulioupiga haumfikii.

Kwa hiyo kumi zitoke. Naanza na pacha, maana ndizo zinazodhoofisha mkusanyo kuliko hata picha mbaya. 3 na 4 ni mgongo ule ule, mwanga ule ule. Weka 3, kwa sababu wale watu wanne ndio kipimo pekee cha ukubwa katika picha zote za Namib. Bila wao mtazamaji hajui kama tuta lina mita 8 au 80. 5 na 6 pia ni pacha. Weka 6.

Kuhusu 6 niseme zaidi. Nimeivuta mpaka asilimia mia. Mawimbi yamepishana kiasi cha upana wa vidole vinne, na juu ya kila wimbi chembe za mchanga ni kubwa kuliko zilizo bondeni mwake, zinaonekana moja moja. Nyayo za mende zinapanda wimbi, zinashuka, zinapanda tena, na kila alama ina kivuli chake kidogo upande wa kulia. Ukipima utaona kivuli kina urefu mara nne au tano ya kina cha alama. Jua lilikuwa chini sana. Nusu saa baadaye alama zile zisingeonekana. Hii ndiyo picha bora ya potifolio nzima, nawe umeificha namba 6.

7 toa. Bonde zima kwa lenzi pana limefanya miti iwe vijiti. 11 toa pia: miti myeusi kwenye anga la machungwa inaweza kuwa popote duniani, haisemi chochote cha Deadvlei. 16 toa, heroe ni mstari wa vumbi la waridi tu. Isimila na mibuyu nawaachia wengine waseme.

---

MwanjelwaF8 – #3

Nakuunga mkono Dada Kihesa kwenye pacha. Mimi naingia kwenye rangi.

Mkuu Ipogolo, kuiachia kamera ichague rangi ya mwanga ndiko kulikoharibu mwendo. 2 na 3 zimepigwa ndani ya dakika chache, lakini 2 ni nyekundu ya tofali na 3 ni ya maboga. Kamera ikiona fremu imejaa machungwa hudhani taa ni ya njano, inaongeza bluu, na kiasi inachoongeza hubadilika kila ukigeuza lenzi. Kwa kuwa ni RAW hujapoteza kitu. Weka picha zote za Namib kwenye 5500 K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), kisha rekebisha moja moja kwa 200 au 300 tu pale inapolazimu. Picha ya 8 usiiguse zaidi ya hapo. Bonde la udongo mweupe liko kivulini, linapokea mwanga wa anga tu, kwa hiyo lazima liwe na ubluu. Tuta la nyuma limeshapigwa na jua, ni jekundu. Ubluu wa chini ukigombana na wekundu wa juu ndipo miti inapojitokeza. Ukiufuta ubluu ule ukitafuta weupe safi, picha imekufa.

Pili, chaneli nyekundu. Fungua histogramu (grafu ya mwangaza) ya rangi tatu, siyo ile ya kijivu. Picha ya 2 ile ya kijivu inaonyesha kila kitu kiko salama, lakini nyekundu imegonga ukuta wa kulia. Maana yake upande wa tuta ulio kwenye jua hauna tena tofauti ya chembe, ni bapa la rangi moja. Usiongeze mjao wa rangi, yaani ukolezi wake, kwa picha yote. Fanya hivi: shusha mwangaza wa jumla theluthi moja ya stopu (stopu moja ni mwanga maradufu au nusu yake), punguza mjao wa chungwa kwa 10 hadi 15, pandisha mwangaza wa chungwa kidogo, halafu tazama tena. Utaona mawimbi ya mchanga yanarudi ubavuni mwa tuta.

Tatu, kipimo cha mwanga. Ukoko wa magadi picha ya 14 umekuwa wa kijivu kama saruji, wakati tuta jeusi picha ya 12 limekuwa la kijivu kama majivu baridi. Kosa ni moja: kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Kitu cheupe kinachojaza fremu kipandishe kati ya stopu 0.7 na 1.3, kitu cheusi kishushe kati ya 0.7 na 1. Kwenye RAW unaweza kurekebisha sasa. 14 pandisha 0.7 tu kwanza, maana ukoko una sehemu zinazong'aa.

---

MtuWaUyole – #4

Wakuu samahani, mimi bado najifunza. Picha ya 9 data zake zinaonyesha saa saba mchana mwezi Juni. Tunaambiwa kila siku mchana usipige. Mbona ina kivuli kizuri kuliko picha zangu za saa tatu asubuhi?

---

DadaKihesa – #5

Swali zuri mdogo wangu, na jibu liko kwenye ramani. Sossusvlei, eneo ilipo Deadvlei, iko karibu nyuzi 24.7 kusini. Mwezi Juni jua liko nyuzi 23.4 kaskazini ya ikweta. Jumlisha, toa kwenye 90, unapata 42. Jua la adhuhuri kule linasimama nyuzi 42 tu juu ya upeo, na kitu cha mita moja kinatupa kivuli cha mita 1.1. Adhuhuri yenyewe, kwa saa za Namibia, ni karibu saa saba, ndiyo hiyo uliyoiona kwenye data.

Sasa njoo Iringa, nyuzi 7.8 kusini. Juni hiyo hiyo jua la adhuhuri linafika nyuzi 59, kivuli cha kitu cha mita moja ni sentimita 60. Katikati ya Oktoba linapita utosini kabisa, na linarudi utosini mwishoni mwa Februari. Mbeya ni hivyo hivyo, tofauti ni siku chache. Siku hizo adhuhuri mti unajikanyagia kivuli chake. Kwa hiyo "mchana usipige" ni sheria ya Oktoba kwa huku kwetu, lakini Juni na Julai una kazi ya kufanya mpaka saa tatu na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa tisa alasiri.

Jambo jingine: jua la huku hupanda karibu wima. Tangu kuchomoza hadi nyuzi 6 ni kama dakika 27 hadi 30 tu. Ukifika eneo la picha jua limeshachomoza, ule mwanga wa nyayo za mende umeukosa. Juni Iringa linachomoza kama saa 12:48 asubuhi. Uwe umeshafunga kamera kwenye tripodi saa 12:15.

---

BaridiNjombe – #6

Naomba nizungumzie 18 hadi 22, na hili nalisema kwa uzito. Isimila siyo jangwa. Zile nguzo zimechongwa na maji: mvua na mkondo wa korongo vimekula mchanga mgumu na tope la kale, vikaacha nguzo. Eneo linalopata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka ndilo kwa kawaida huitwa jangwa, na Iringa inapata zaidi ya mara mbili ya hizo. Mtu wa Kalenga au Tosamaganga akiingia ukumbini akakuta Isimila chini ya bango la "Jangwa" atajua umemdanganya, na hataamini tena maelezo ya picha nyingine yoyote.

Isimila ina uzito wake yenyewe. Zana za mawe za Acheul, yaani mashoka ya mkono ya binadamu wa kale, zilizochimbuliwa pale mwaka 1957 na 1958 zimeifanya ijulikane duniani kote. Haihitaji kuazima jina la Namib.

Na kwa kipimo hicho hicho, Natron nayo siyo jangwa kamili. Ni sakafu ya Bonde la Ufa, kavu sana, lakini jangwa siyo. Ama ubadilishe jina la maonyesho, ama utoe picha.

---

DadaKihesa – #7

Kaka Njombe, kwenye jina nakubali, kwenye kutoa Natron nakataa. Nyufa za tope picha ya 17 na udongo mkavu wa Deadvlei zinazungumza pamoja. Deadvlei ilikuwa na maji ya mto Tsauchab, matuta yakaukatia mto njia, miti ikafa miaka mia kadhaa iliyopita. Hewa ni kavu mno kiasi kwamba haikuoza, ikabaki imesimama myeusi kama iliyounguzwa. Natron maji yapo lakini yanakauka na kuacha magadi. Habari ni moja: maji yaliyoondoka na alama yaliyoacha. Jina liwe "Mchanga na Magadi". Isimila na mibuyu zitoke, ziwe mkusanyo wa pili unaojitegemea.

---

MzeeWaMtera – #8

Vijana, nawasoma. Huo mkusanyo wa pili utafaa, ila picha 18 hadi 20 zirudiwe, hazijakaa. Zimepigwa jua likiwa juu, sakafu ya korongo imeungua na ubavu wa nguzo ni mweusi.

Isimila iko kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini, barabara ya Mbeya. Mwongozaji wa pale anatembea nanyi. Mkitaka kuwahi mwanga, zungumzeni na ofisi ya kituo siku moja kabla, msifike alfajiri mkategemea kufunguliwa. Nendeni Juni au Julai. Agosti na kuendelea kuna moshi wa mashamba yanayochomwa, vilima vya nyuma vinapauka.

Mwanga wa asubuhi hauingii korongoni mara moja. Vichwa vya nguzo vinawaka, miguu bado iko gizani, na tofauti yake inaweza kupita uwezo wa kamera. Piga tatu: moja ya kawaida, moja chini stopu 2, moja juu stopu 2, tripodi isitikisike. Au subiri mpaka ukuta mmoja wa korongo upigwe na jua, kisha ugeukie nguzo zilizo kivulini mkabala wake. Ule ukuta unarudisha mwanga wa rangi ya asali kwenye nguzo, laini, hauna makali. Hiyo ndiyo saa ya Isimila, na wengi huwa wameshaondoka.

Msipande nguzo, zinamomonyoka kwa mkono. Jiwe lolote la pale lisiokotwe hata kwa kulipanga mbele ya kamera, ni eneo la mambo ya kale na linalindwa kisheria.

Na kama mnataka miti mikavu ya huku kwetu, njooni Mtera. Ipo imesimama majini tangu bwawa lilipojazwa. Asubuhi pasipo na upepo maji yanatulia, kila mti unapata mwenzake chini. Ila ukuta wa bwawa na mitambo ya umeme msielekezee kamera.

---

MtuWaUyole – #9

Shikamoo Mzee, ahsante sana. Nimeona kitu kingine. Picha ya 12 na ya 15 zina madoa madogo ya kijivu angani, na yako sehemu ile ile. Ni ndege?

---

BaridiNjombe – #10

Siyo ndege, ni vumbi kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Doa likirudi sehemu ile ile kwenye picha mbili tofauti, chanzo ni sensa. Lenzi ikiwa na vumbi huwezi kuliona kama doa kali hivyo.

Kulipima: weka f/22, ISO 100, ondoa fokasi kabisa, piga anga jeupe au ukuta mweupe huku ukitikisa kamera kidogo. Ivute hadi asilimia mia na uongeze kontrasti. Ukitazama sensa kwa mbele, doa lililo juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto kwenye sensa. Kushoto hakubadiliki, juu na chini hubadilishana. Wengi husafisha upande usio na vumbi kwa kutolijua hili.

Kulitoa: betri iwe imejaa, chagua kwenye menyu usafi wa sensa, elekeza mdomo wa kamera chini, tumia pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yanakauka na kuwa doa baya zaidi. Usitumie hewa ya kopo, hurusha majimaji baridi. Kama pampu imeshindwa, ndipo utumie kifutio chenye upana wa sensa yako, milimita 24 kwa fulufremu (sensa kubwa) au 16 kwa sensa ndogo, matone mawili ya dawa yake, mvuto mmoja kwenda na mmoja kurudi, kisha tupa. Lakini pampu lazima itangulie. Chembe moja ya mchanga chini ya kifutio inachora kioo cha sensa, na hicho hakirekebishiki.

Mchanga Unaohama una tabia yake ya pekee. Ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, yana chuma, yananata kwenye sumaku. Filta za kufunga kwa sumaku pale ni hatari: ukizifungua, mzingo wake unaota ndevu nyeusi, na ukizirudisha chembe zinasaga kioo. Tumia za kuzungusha, na uzifunge kabla ya kushuka kwenye gari. Tuta lenyewe linasogea zaidi ya mita 10 kwa mwaka, kwa hiyo sehemu uliyoiweka alama kwenye ramani ya simu miaka mitatu iliyopita sasa ni nyasi.

Natron tatizo ni magadi, nayo hula alumini. Miguu ya tripodi iliyozama kwenye tope lile ioshwe kwa maji safi siku hiyo hiyo, sehemu zote zikiwa zimevutwa nje, ikaushwe kabla ya kurudishwa ndani. Kwa matuta ya mchanga, vuta kwanza sehemu ya chini kabisa ya mguu kiasi cha kiganja, ili kufuli ikae juu ya mchanga. Kufuli ikizama, chembe zinaingia, na kuanzia hapo kila ukifunga unasikia inasaga.

---

LenziYaIpogolo – #11

Nawashukuru wote, nimewaelewa. Isimila na mibuyu zimetoka. Jina ni "Mchanga na Magadi". Zimebaki 1, 2, 3, 6, 8, 9, 10, 12, 13, 14, 15 na 17, jumla 12. Sasa tumalizie ukubwa na kusafisha. Mimi nilifikiria A3.

---

MwanjelwaF8 – #12

A3 itakukata mkuu. Uwiano wa sensa yako ni 3 kwa 2, A3 ni kama 1.41 kwa 1. Ukijaza karatasi unapoteza kipande cha ubavuni, na kwenye picha ya 15 ubavuni ndiko uliko mteremko wa Lengai. Chagua sentimita 30 kwa 45, yaani inchi 12 kwa 18. Uwiano ni ule ule wa kamera na mashine nyingi za kusafishia zinafika upana huo. Pikseli 6000 kwa 4000 zinatosha na kubaki, maana 5400 kwa 3600 ndizo zinazohitajika ukisafisha kwa pikseli 300 kwa kila inchi. Fremu ya nje ya 50 kwa 35 inakuachia ukingo wa sentimita 2.5 kila upande, na hesabu ya ukuta ya Dada Kihesa inabaki palepale.

Hatari iko kwenye mashine. Ikipokea picha iliyojaa chungwa tangu juu hadi chini hudhani ni kosa la rangi, inamwaga bluu. Matuta yako yatatoka rangi ya chai ya maziwa. Mwambie fundi wazi: "usisahihishe rangi, acha faili lilivyo." Kabla ya oda kamili, safisha picha ya 2 mara mbili kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, moja na marekebisho ya mashine na moja bila. Ziweke dirishani mchana uzilinganishe, siyo chini ya taa ya dukani.

Faili liwe JPEG, sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida), ubora wa juu kabisa. Ukali wa picha uuongeze mwisho kabisa, baada ya kulipunguza kuwa 5400 kwa 3600. Na kioo cha kompyuta ukishushe mwanga. Watu wanahariri mwanga ukiwa mwisho usiku, wanaona giza la picha ni zuri, karatasi inatoka kama imepigwa kwenye handaki. Weka karatasi nyeupe kando ya kioo chenye ukurasa mweupe, shusha mpaka vifanane.

Karatasi: chukua isiyong'aa. Ukumbi wenye madirisha mkabala na picha utageuza kila picha yenye kivuli kizito kuwa kioo cha kujitazamia, na picha zako karibu zote zina kivuli kizito.

---

DadaKihesa – #13

Nyongeza ya ukuta: picha ya 10 ni ya wima, upana wa fremu yake ni 35 siyo 50. Kwa hiyo miisho ya ukuta inakuwa sentimita 47.5 kila upande. Nafasi za kati usiziguse, ziwe 20 zote. Katikati ya kila picha iwe sentimita 148 kutoka sakafuni, pamoja na ile ya wima. Pima katikati ya picha, siyo juu ya fremu.

Mpangilio, safisha zote 12 kwa 10 kwa 15, zitandaze mezani, uzipange kwa mkono. Kwenye kioo cha simu unaona moja moja, huwezi kuona jirani anavyomharibia jirani. Mimi naona hivi: 13, 12, 17, 14, 15, 6, 2, 3, 1, 9, 10, 8. Unaanza na mweusi unaopeperushwa, unapita kwenye kijivu na weupe wa magadi, 6 inakuwa mlango wa kuingilia Namib kwa kuwa mtu ametoka kwenye mlima mkubwa anainamishwa mpaka kwenye nyayo za mende, kisha wekundu unapanda. 9 na 10 zinamleta karibu na mti, na 8 inamrudisha nyuma aione miti mitatu na tuta.

Maelezo chini ya kila picha yawe mstari mmoja: mahali, mwezi, saa. Usiandike "uzuri wa asili". Andika "Deadvlei, Namib, Juni, kabla jua halijafika bondeni."

---

MtuWaUyole – #14

Na ile ya kutuma kwa simu? Nikituma za kwangu kwa WhatsApp zinafika zimeoza.

---

BaridiNjombe – #15

Tuma kama dokumenti, siyo kama picha. Ukituma kama picha inabanwa, na kinachoathirika kwanza ni mteremko laini wa anga na ubavu wa tuta, unaona mistari mistari kama ngazi. Upande mrefu pikseli 2048, sRGB, ubora 80, kila moja inaweza kukaa chini ya MB 1 au kuizidi kidogo. Picha ya 6 itakuwa nzito kuliko nyingine kwa sababu ya chembe, iache. Majina ya faili yaanze na 01, 02, 03 mpaka 12 ili mpangilio usivurugike kwenye simu ya mpokeaji, na jina lako na namba ya simu viwe ndani ya data za faili, siyo muhuri mkubwa katikati ya mchanga.

---

LenziYaIpogolo – #16

Nimefuata mpangilio wa Dada Kihesa bila kubadilisha, 5500 K kwa zote za Namib, nyekundu ya picha ya 2 imerudi ndani ya histogramu. Limebaki moja. Kwenye karatasi ya majaribio ya 10 kwa 15, bila marekebisho ya mashine, shina la picha ya 10 limetoka jeusi tupu. Kwenye kioo nyufa za gome zinaonekana.

---

MwanjelwaF8 – #17

Karatasi isiyong'aa haina weusi mzito kama wa kioo, kwa hiyo vivuli vya chini kabisa vinaungana. Usiinue mwangaza wa picha yote, udongo mweupe wa nyuma utaungua. Chora eneo la shina peke yake, pandisha vivuli kwa 20 hadi 25 na weusi kwa 8 hivi, ongeza kontrasti ndogo ndani ya eneo hilo tu ili nyufa zishike. Kisha usisafishe picha nzima tena. Kata kipande cha shina chenye ukubwa wa 10 kwa 15 kutoka kwenye faili la 30 kwa 45, bila kukipunguza, ukisafishe hicho. Utaona gome kwa ukubwa ule ule litakavyokuwa ukutani, na kama bado halijakaa, pandisha vivuli tano tano mpaka ufa mwembamba wa kushoto utenganike na kivuli chake.

---

LenziYaIpogolo – #18

Ndaga fijo mkuu. Kipande cha shina kinaenda kusafishwa kesho asubuhi, vivuli 20, 25 na 30, kila kimoja kimeandikwa namba yake nyuma kwa penseli.